Ajali, Bima na Fidia: Maneno ya Barabarani Kati ya Tanga na Mombasa

Msafiri aingiaye nchi ya kigeni kwa kawaida huhofu lugha kwanza. Dereva wa Tanga apitaye Horohoro na kutokea Lungalunga hana hofu hiyo. Wadigo na Wasegeju wako pande zote mbili, na mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kutoka mlango wa mto Umba kuelekea Ziwa Jipe, haukuwauliza wenyeji wanasema lugha gani. Lakini siku gari lake litakapomgonga mtu upande wa pili, dereva huyo atatambua kwamba maneno aliyoyazoea nyumbani yamepewa kazi nyingine huko, na kwamba kuelewana kwa maneno siyo kuelewana kwa sheria.

Tuanze na neno lenyewe. Ajali tumelipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, hasa ule wa uhai wa mwanadamu. Ndivyo litumikavyo katika Kurani, na ndivyo lilivyotumika kwa muda mrefu na watu wa pwani: mtu aliyefikwa na ajali yake amefikwa na saa yake, awe kitandani, awe chomboni baharini. Mithali isemayo kuwa ajali haina kinga inatoka katika maana hiyo ya kale. Magari yalipoingia na kuanza kuua, neno lililokuwa tayari ni hilo, likatwaliwa likaitwa ajali ya gari. Hapana aliyekaa kulichagua. Hivyo polisi, mahakama na makampuni ya bima yakarithi neno ambalo asili yake linamwondolea mtu lawama, ilhali kazi ya vyombo hivyo ni kutafuta mwenye lawama.

Na sarufi nayo imelifuata neno. Twasema gari limepata ajali, kama apataye homa. Twasema gari limeacha njia, breki zimekataa, tairi limepasuka. Dereva hayumo katika sentensi yoyote kati ya hizo. Hata hivyo lugha yetu haikosi uwezo wa kusema nani alitenda nini. Kitenzi kimoja tu, gonga, chatosha: nimegonga, nimegongwa, tumegongana. Herufi chache mwishoni mwa kitenzi hutenganisha mkosaji, mwathirika na ugomvi usiokwisha. Jambo hili lina uzito pale maelezo ya dereva yanapoandikwa kituoni. Katika Kenya, mahakama za chini hutumia Kiingereza au Kiswahili, na Mahakama Kuu hutumia Kiingereza. Basi aliyesema "tumegongana" kwa adabu tu, akiwa yeye ndiye aliyegongwa, huenda akayakuta maneno yake katika lugha nyingine yakimfanya mshirika wa kosa.

Bima ni neno la safari nyingine. Limo katika Kihindi na Kiajemi, nasi tukalipokea bila kulibadili. Waingereza waliifanya bima ya gari kuwa ya lazima kwao kwa sheria ya mwaka 1930, na nchi walizozitawala huku zikafuata. Mpaka leo Kenya ina sheria yake katika Sura ya 405, na Tanzania katika Sura ya 169. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, Shirika la Bima la Taifa likaachiwa shughuli za bima nchini. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na mpaka haukufunguliwa tena hata Novemba 1983. Kwa miaka hiyo karibu saba swali la dereva wa Tanga aliyegonga mtu huko Kwale halikuwa na sababu ya kuulizwa.

Lilipoulizwa tena, jibu lilikuwa Kadi ya Njano, iliyotokana na mapatano ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika ya mwaka 1986. Tanzania ilijitoa katika soko la COMESA mwaka 2000, lakini ikabaki katika mpango huu. Kadi hukatwa nyumbani kabla ya safari, na humlinda aliyeumizwa kwa kiasi kinachotakiwa na sheria za nchi iliyotembelewa. Haigharamii matengenezo ya gari la mwenye kadi. Wengi hawalijui hilo, na jina lake haliwasaidii, kwani kwetu "kadi ya gari" ni cheti cha kuandikishwa kwa gari.

Kutatanisha zaidi ni karatasi za polisi. Kwetu aliyeripoti jambo hupewa namba ya RB. Kwa jirani zetu huitwa namba ya OB. Kwetu majeruhi huchukua PF3 polisi ili apeleke hospitali. Kenya iko P3, ambayo daktari huijaza iwe ushahidi mahakamani. Majina yanakaribiana mno, kazi hazilingani. Mtanzania aliyezoea kwamba karatasi hutangulia matibabu anaweza kumchelewesha majeruhi akitafuta P3, na damu haingoji karatasi. Sisi twaandika maelezo, wao huandikisha taarifa. Sisi twamwita aliyeumia mwathirika, wao mwathiriwa, na hapo, kwa kweli, wao wamelifuata umbo la kutendwa kwa uaminifu zaidi.

Fidia nayo ina mzigo wake. Kwa Waislamu wa pwani ni malipo ya asiyeweza kufunga saumu, tena katika Kiarabu neno hilo ni la kukomboa. Dia ndiyo malipo ya damu. Dereva muungwana akiua mtu barabarani hupeleka rambirambi kwa wafiwa, na ubani, na wazee hukaa. Lakini mkataba wa bima kwa kawaida humkataza mwenye gari kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Rambirambi siyo fidia, wala siyo kukiri kosa. Yafaa aandikiane na wafiwa hivyo mbele ya wazee, maana uungwana wake usipotajwa kwa jina lake waweza kusomwa kuwa ni hatia.

Limebaki lile liitwalo "mtu wa tatu". Katika mkataba, wa kwanza na wa pili ni mwenye gari na kampuni ya bima, na wa tatu ni yule aliyeumizwa nje ya mkataba. Abiria asikiaye maneno hayo huweza kuhesabu viti. Madereva wenyewe wameliepuka kabisa, wakasema bima ndogo na bima kubwa, maneno mepesi ambayo hayasemi nani analindwa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoko Zanzibar, na Baraza letu, yangeweza kulitazama hili pamoja na wenzetu wa Kenya kabla ya kuchapa fomu nyingine. Pendekezo letu ni "bima ya madhara kwa wengine". Ni refu, lakini lasomeka Tanga na Mombasa kwa maana ile ile.