Nakala rudufu kupitia mtandao: kupanga Bacula kwenye seva ya Linux na kuitibu inapogoma

Familia moja ilifika studioni kwetu Matamba kuomba sauti ya bibi yao. Alikuwa amewahi kuzungumza nasi kwa Kiwanji kuhusu ndoa za zamani, na sasa alikuwa ametangulia mbele ya haki. Diski ya kumbukumbu kwenye seva yetu ilikuwa imekufa wiki moja kabla, baada ya umeme kukatika na kurudi mara kadhaa katika usiku mmoja wa mvua. Hatukuwa na wasiwasi. Kwa miezi minane, kila asubuhi tulipokea ripoti kwamba nakala rudufu imefika salama kwenye seva yetu ya Makambako.

Nakala ilikuwepo kweli, lakini rekodi za wazee hazikuwemo ndani yake.

Tulikosea wapi, na wewe ufanye nini ili yasikukute? Makala hii ni ya shule, zahanati, SACCOS na ofisi yoyote ndogo yenye seva ya Linux. Tumechagua Bacula, programu ya bure tunayoitumia, ambayo Kern Sibbald alianza kuiandika mwaka 2000.

Nini si nakala rudufu

Diski mbili zinazoandika kitu kilekile ndani ya seva moja hukusaidia diski moja ikifa. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kote kuwili. Nakala ya kweli hukaa mahali pengine na hukumbuka jinsi faili lilivyokuwa jana na juzi.

"Mahali pengine" maana yake ni jengo jingine. Machi 10, 2021, moto uliteketeza kituo cha seva cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walipoteza data pamoja na nakala zake, kwa kuwa vyote vilikuwa eneo moja. Kutegemea intaneti ya nje pekee nako kuna hatari yake. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Ndiyo maana sisi tunaweka nakala moja hapahapa Matamba na nyingine Makambako.

Bacula inavyofanya kazi

Ina sehemu kadhaa. Director ndiye msimamizi anayepanga kazi na ratiba, na husikiliza kwenye poti 9101. File Daemon hukaa kwenye seva yenye mafaili, poti 9102. Storage Daemon huandika nakala kwenye diski, poti 9103. Kuna pia Catalog, hifadhidata inayokumbuka faili gani liko wapi.

Shika jambo moja hapa, kwa sababu matatizo mengi huanzia kwake: mafaili hayapiti kwa Director. File Daemon huyapeleka moja kwa moja kwa Storage Daemon. Kwa hiyo seva yenye mafaili lazima iweze kuifikia seva ya nakala yenyewe.

Piga hesabu kwanza

Redio inayorekodi saa 18 kwa siku katika MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huzalisha takriban gigabaiti 1 kila siku. Intaneti inayopandisha megabiti 4 kwa sekunde huipeleka ndani ya dakika 35 hivi. Lakini kumbukumbu ya gigabaiti 200 kwa kasi hiyohiyo huchukua zaidi ya saa 110, yaani siku nne na nusu bila mtandao kukatika hata mara moja.

Tulipoanza upya, tuliipandisha seva ya Makambako hadi Matamba. Tulifanya nakala kamili ya kwanza kwa waya, seva zote mbili zikiwa chumba kimoja, kisha tukaiteremsha kwa gari kupitia zile kona 57 za kwenda Chimala. Tangu hapo mtandao unabeba mabadiliko ya kila siku tu. Kila mwezi tunatumia VirtualFull, ambayo huunganisha nakala zilizokwisha kufika ziwe nakala kamili mpya kulekule Makambako.

Mpangilio unaohitaji uangalifu

FileSet ni orodha ya yanayonakiliwa, na hapa ndipo tulipoanguka. Tuliandika alama ya mkwaju, "/", tukidhani tumejumuisha kila kitu. Kwa kawaida Bacula haivuki kutoka mfumo mmoja wa mafaili kwenda mwingine. Rekodi zetu zilikuwa kwenye diski ya pili, iliyounganishwa kwenye folda /kumbukumbu, ikarukwa kila usiku. Ripoti ililisema hilo kwa mstari mmoja, lakini sisi tulisoma neno la mwisho tu, OK. Taja kila diski kwa jina lake ndani ya FileSet. Kabla ya kuanza, tumia amri ya estimate pamoja na neno listing ndani ya bconsole, usome orodha ya mafaili yatakayochukuliwa. Kumbuka pia kwamba ukibadilisha FileSet, kazi inayofuata hugeuka kuwa nakala kamili. Usibadilishe siku intaneti imelemewa.

Hifadhidata zisinakiliwe zikiwa zinaandikwa. Kwa MariaDB au PostgreSQL, toa kwanza faili la mysqldump au pg_dump kupitia ClientRunBeforeJob, kisha nakili faili hilo.

Kwa usalama njiani, washa TLS au pitisha kila kitu kwenye VPN. Kumbukumbu za wagonjwa, wanafunzi na wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Inapogoma, angalia hapa

Director haifikii seva yenye mafaili. Tumia systemctl kuona kama bacula-fd inafanya kazi, kisha ss -ltn kuona inasikiliza wapi. Kwenye Debian na Ubuntu mara nyingi FDAddress huwekwa 127.0.0.1, maana yake inajisikiliza yenyewe tu. Weka anwani ya mtandao wako, na ufungue poti 9102 kwa Director peke yake.

Inakataa kwa sababu ya idhini. Jina la Director au neno la siri halilingani katika mafaili mawili. Yalinganishe herufi kwa herufi.

Kazi inaanza kisha inakwama bila kutuma chochote. Fungua bacula-dir.conf, sehemu ya Storage. Address ikiwa localhost, umeiambia seva ya Matamba iitafute ghala ndani ya Matamba yenyewe. Weka anwani halisi ya seva ya nakala, kisha ukiwa kwenye seva yenye mafaili jaribu nc -zv pamoja na anwani hiyo na poti 9103.

Inakatika katikati. Ruta nyingi hufunga muunganisho uliokaa kimya. Weka Heartbeat Interval ya sekunde 60 kwenye File Daemon na Storage Daemon.

Inasubiri voliyumu ya kuandikia. Tazama nafasi kwa df -h, kisha muda wa kutunza na idadi ya voliyumu ulizoruhusu kwenye Pool. Usifute mafaili ya voliyumu kwa mkono, kwa sababu Catalog itaendelea kuamini kwamba yapo.

Kila ukihariri mpangilio wa Director, uhakiki kwa bacula-dir -t kabla ya kutoa amri ya reload.

Mtihani wa kurejesha

Ripoti ya asubuhi inakuambia kwamba kazi imekwisha. Kama kitu unachokihitaji kimo ndani, utajua kwa kukirejesha. Sisi tumejiwekea Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Mmoja wetu huchagua rekodi tatu bila mpango, moja ya juzi, moja ya mwezi uliopita na moja ya zamani. Huzirejesha kwa amri ya restore kwenye folda tofauti, hulinganisha kwa sha256sum, halafu huvaa spika za masikioni na kusikiliza. Mara mbili kwa mwaka tunafanya hivyo kwenye kompyuta nyingine kabisa, tukijifanya seva ya Matamba haipo tena. Kwa hilo unahitaji nakala ya Catalog, mafaili ya mpangilio na funguo zako, vyote vikiwa nje ya seva hiyo. Tunavitunza kwenye flashi iliyofungiwa Makambako.

Baadhi ya rekodi tulizipata kwenye simu na flashi za watangazaji. Sauti ya bibi yule hatukuipata. Kama una seva inayotuma ripoti njema kila asubuhi, chagua leo faili moja usilotaka kulikosa, ulirejeshe, na ulifungue.