Hekalu la Kibudha la Dar es Salaam: Maelezo kwa Wageni Watokao Likasi

Hekalu hili, lililoko eneo la Upanga jijini, lilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Wasinhala waliotoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, na ni miongoni mwa mahekalu ya Kibudha yenye umri mkubwa zaidi barani Afrika. Uani mwake umestawi mti wa bodhi, aina ya mtini ambao Wabudha huamini kwamba Budha alipata mwangaza, yaani utambuzi kamili wa ukweli, akiwa ameketi chini yake. Majani yake yana umbo la moyo na huishia kwenye ncha ndefu nyembamba.

Njia. Msafiri hupitia Lubumbashi na Kasumbalesa, huvuka Zambia hadi Nakonde na Tunduma, kisha hufuata barabara ya Mbeya na Morogoro, ambayo ndiyo njia ya malori ya shaba ya Katanga yaendayo bandarini.

Wakati. Vesak, sikukuu ya kuzaliwa, kupata mwangaza na kufariki kwa Budha, huadhimishwa mwezi mpevu wa Mei, hivyo anayetaka utulivu achague siku nyingine.

Adabu. Mabega na magoti hufunikwa, viatu na kofia huvuliwa, na anayeketi mbele ya sanamu hukunja miguu ili nyayo zisiielekee. Mti huzungukwa ukiwa upande wa mkono wa kulia, na mtawa huamkiwa kwa kuunganisha viganja kifuani, kwa kuwa heshima hiyo ndiyo inayomfanya mgeni apokewe kama mwenyeji.