Sehemu ya 4: Mvamizi wa lamboni

Kuna filamu ya mwaka 2006 inaitwa Slither, ya James Gunn. Kimondo kinaanguka kwenye mji mdogo Marekani, kidude kinatoka humo kinamwingia mtu mwilini, na baada ya muda mji mzima umejaa vitu kama konokono wasio na nyumba. Unacheka huku umeziba macho. Sasa sisi wa Shinyanga na Geita mvamizi huyo tunaye, ila hakutoka angani. Anaitwa kichocho.

Ni wa zamani sana huyu. Mwaka 1910 mayai yake yalikutwa kwenye figo za maiti za Wamisri waliokaushwa miaka zaidi ya 3,000 iliyopita. Minyoo yenyewe iligunduliwa 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, akipasua maiti Cairo. Akaikuta ndani ya mishipa ya damu! Dume ana mfereji mwilini, jike analala humo, wanaishi wamekumbatiana miaka na miaka. (Ndoa ngapi zinafika huko?) Lakini inaingiaje? Wengi walidhani kwa kunywa maji. Ni mwaka 1915 ndipo Robert Leiper alipoonyesha kule Misri kwamba viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi. Dakika chache tu zinatosha. Mwaka 1944 Mmarekani Claude Barlow aliviacha vimwingie makusudi ili avipeleke kwao kwa utafiti. Aliugua vibaya mno.

Huku kwetu, kuanzia 1947, serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa maendeleo wa Usukuma. Yakachimbwa malambo mengi, ng'ombe wapate maji. Nia nzuri kabisa. Ila konokono naye akapata nyumba. Lambo likikauka, anajifukia kwenye tope anasubiri mvua. Majaruba ya mpunga nayo yanamfaa. Ndiyo maana Shinyanga tunaona zaidi kichocho cha mkojo, na ukihamia Geita kufuata dhahabu, mkawa mnaoga na kufua ziwani, mnakutana na kile cha tumbo.

Kijana akikojoa damu, wengine husema amekuwa mwanaume. Hapana, huyo ni mgonjwa. Na wewe mama, kichocho cha mkojo hufanya vidonda mpaka shingo ya kizazi. Unatokwa damu, unaumia ukikutana na baba watoto, unaambiwa ni zinaa, ndoa inaingia moto bure. Ukiwa na dalili hizo, mwambie muuguzi kwamba ulikulia lamboni. Usione aibu.

Dawa, praziquantel, ipo tangu miaka ya 1970. Shuleni watoto hupimwa kimo kwa fimbo, wanapewa vidonge. Kwa miaka mingi aliyesahaulika ni mdogo wao, yule unayemwogesha kwa maji yaleyale. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likasema dawa ianze miaka 2. Mwaka 2023 wadhibiti wa dawa Ulaya wakakubali kidonge cha watoto wadogo, kuanzia miezi 3. Kwa hiyo ukienda kliniki, ulizia.

Na maji ya kumwogeshea, yachote jioni, hakikisha hamna konokono, funika ndoo, yakae siku mbili. Viluwiluwi hufa vyenyewe humo. Sehemu ya 5 ni safura.