Fataki kwenye filamu: jinsi kamera ilivyojifunza kungoja

Mwaka 1878 mahakama moja ya London ilisikiliza kesi iliyotokana na fataki. Mchoraji James McNeill Whistler, Mmarekani aliyekuwa akiishi Uingereza, alikuwa amechora roketi inayoanguka usiku juu ya bustani ya starehe ya Cremorne, kando ya mto Thames: giza, moshi na cheche za dhahabu zilizotawanyika. Mhakiki John Ruskin alipoiona kwenye maonyesho, aliandika kwa ukali kwamba ni ufidhuli kuitoza kazi ya namna ile guinea 200. Whistler akamshtaki kwa kumvunjia heshima. Alishinda, lakini fidia aliyopewa ilikuwa farthing moja, yaani robo ya peni.

Kamera zilikuwapo kwa karibu miaka 40 wakati huo, ila hazingeweza kumsaidia kumwonyesha hakimu fataki zinavyoonekana. Kikwazo cha kwanza kilikuwa muda. Louis Daguerre alipopiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris mwaka 1838, alilazimika kuiacha kamera wazi kwa dakika kadhaa. Watu na magari ya farasi waliopita hawakuonekana kabisa, na barabara yenye shughuli nyingi ikatoka kama imehamwa. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu.

Mwaka 1851 Frederick Scott Archer alileta njia ya vioo vilivyopakwa kolodioni, na muda ukashuka hadi sekunde. Lakini kioo kilipaswa kupakwa dawa, kupigiwa picha na kusafishwa kikiwa bado kibichi, yote ndani ya dakika chache, hivyo mpiga picha alitembea na hema lake la giza. Juu ya hayo, dawa ile iliitikia mwanga wa buluu tu, ikawa karibu kipofu kwa rangi nyekundu na dhahabu. Cheche zilizomvutia Whistler ndizo hasa ambazo kioo hakikuweza kuziona.

Kwa hiyo kizazi kizima cha wapiga picha kilihangaika kutafuta kasi. Mwaka 1871 daktari Mwingereza, Richard Leach Maddox, alichapisha njia ya kutumia jelatini badala ya kolodioni. Wengine wakaiboresha, na kufikia mwisho wa miaka ya 1870 vioo vikavu viliuzwa vikiwa tayari, vikipiga picha kwa sehemu ndogo ya sekunde. Farasi anayekimbia akashikika, na mtoto anayecheka akashikika.

Fataki zikawa kinyume chake. Ukiipiga fataki kwa kasi hiyo unapata madoa machache ya mwanga yaliyoelea gizani, yasiyo na umbo. Ule mti wa dhahabu tunaouona angani haupo wakati wowote mmoja. Ni macho yetu yanayounganisha njia iliyopitwa na kila cheche kwa sekunde mbili au tatu. Kamera nayo inapaswa kufanya hivyo: kufunguka, kungoja, na kuiacha cheche ijichore yenyewe. Ucheleweshaji ambao wanasayansi walipigana nao kwa miaka 40 ukageuka kuwa ndio chombo chenyewe cha kazi.

Kwa maoni yangu, babu wa picha za fataki ni mtu anayekumbukwa kwa jambo lingine kabisa. Mwaka 1882, huko Philadelphia, William Jennings alipata picha ya radi, inayohesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza duniani. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuifyatua kamera kwa kasi ya radi. Dawa ni kuielekeza kamera kwenye wingu, kuuacha mlango wa lenzi wazi gizani, na kuingoja radi ije. Giza haliandiki chochote kwenye kioo; kinachoandika ni mwanga. Kanuni hiyo ndiyo hiyo hiyo tunayoitumia leo kwa fataki, bila kubadilika hata kidogo.

Miaka saba baadaye, mwanasayansi Étienne-Jules Marey na msaidizi wake Georges Demenÿ waliitumia kanuni hiyo mjini Paris kuchunguza mwendo wa binadamu. Walimfunga mtu taa ndogo mwilini, wakamtembeza gizani mbele ya kamera iliyo wazi, na mwendo wake ukabaki kwenye kioo kama mistari. Mwaka 1949 mpiga picha Gjon Mili alimpa Pablo Picasso tochi ndogo, naye mchoraji akachora hewani michoro ambayo filamu peke yake ndiyo iliyoweza kuihifadhi.

Alama ya kungoja huku bado ipo kwenye kamera nyingi za filamu: ile herufi B kwenye gurudumu la kasi. Inatokana na puto la mpira ambalo wapiga picha wa zamani walilibinya mkononi. Hewa ilipita kwenye bomba na kufungua shata, yaani ule mlango wa lenzi. Ulipoliachia puto, shata ikajifunga. Puto limepotea zamani, B imebaki. Kwenye kamera kama Pentax K1000, ambayo shata yake haitegemei umeme, unaweza kuiacha wazi kwa muda utakao bila kumaliza betri. Brassaï, aliyepiga picha za Paris usiku mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipima muda wa namna hiyo kwa sigara: aina moja kwa mwanga wa kadiri, na nyingine iliyochelewa kuisha kwa giza zito.

Hapa ndipo penye jambo linalowachanganya wengi. Katika picha ya mchana, ukiongeza muda picha inang'aa zaidi. Katika fataki sivyo. Cheche inapita juu ya kila sehemu ya filamu kwa muda mfupi mno kisha inasonga mbele, kwa hiyo hata ukiiacha shata wazi sekunde kumi, mstari wake hauongezeki mwanga. Mng'ao unaamuliwa na kitundu cha lenzi na kasi ya filamu. Muda unaamua tu ni fataki ngapi zitaingia katika picha moja. Ndiyo sababu wakongwe hushika kadibodi nyeusi mbele ya lenzi, wakaiondoa fataki inapopanda na kuirudisha inapozimika, wakikusanya milipuko mitatu au minne kwenye filamu ile ile.

Hata kasoro ya filamu inasaidia. Karl Schwarzschild, mwanafalaki Mjerumani, alionyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba mwanga hafifu unaodumu muda mrefu huacha alama ndogo kuliko hesabu inavyotarajia. Kwa wapiga picha wa nyota hilo lilikuwa tatizo kubwa. Kwa fataki ni baraka: mng'ao hafifu wa anga la mji unachelewa kujiandika, cheche kali zinajiandika mara moja, na weusi wa anga unabaki mweusi.

Rangi ilichukua muda zaidi. Mafundi wa fataki walikwishajua katika karne ya 19 kwamba strontiamu hutoa nyekundu, bariamu kijani na shaba buluu, ilhali kamera ilizipokea zote kwa nyeusi na nyeupe. Vioo vilivyoiona nyekundu sawasawa viliuzwa mwaka 1906, na filamu ya rangi ya Kodachrome ikaja mwaka 1935. Filamu hiyo ilikuwa ya kasi ndogo sana, jambo lililowaudhi wapiga picha wa michezo lakini si wa fataki. Wao adui yao ni mwanga kupita kiasi, unaoigeuza nyekundu kuwa nyeupe.

Kodachrome haitengenezwi tena, na maabara ya mwisho kuisafisha, huko Parsons, Kansas, iliacha kuipokea mwishoni mwa mwaka 2010. Filamu nyingine bado zipo. Ektachrome ilirudi sokoni mwaka 2018.

Basi, mwenye kamera ya filamu kabatini asiiache ikiota ukungu. Mkesha wa Sikukuu ya Mapinduzi ya Zanzibar, fataki zitakaporushwa katika viwanja vya Maisara, aifunge kwenye miguu mitatu, aweke filamu ya ISO 100, kitundu f/8 au f/11, lenzi kwenye umbali wa mwisho, na gurudumu kwenye B. Asimame upande upepo unakotoka, na picha zake muhimu azipige mapema, kabla moshi haujaziba anga.