Farasi, Motokaa na Ua wa Umeme

Msomaji, yamkini umewahi kupita kando ya shamba lililozungushiwa waya chache nyembamba, ukajiuliza iwapo waya hizo zaweza kumzuia hata mbuzi. Seng'enge huzuia kwa miiba yake na ukuta huzuia kwa uzito wake. Waya hizi huzuia kwa kumbukumbu. Mnyama akiisha kuzigusa mara moja hasahau.

Kabla ya kuenea mashambani, waya za umeme zilitumika vitani. Mwaka 1904, katika vita vya Urusi na Japani, askari wa Kirusi waliokuwa wakiulinda mji wa Port Arthur walitia umeme katika waya za ngome. Mwaka 1915 Wajerumani, waliokuwa wameitwaa Ubelgiji, walijenga ua wa namna hiyo kwenye mpaka wa Uholanzi, wenye nguvu ya volti 2,000, ili watu wasitoroke. Waliougusa hawakupata nafasi ya kujifunza neno lolote, kwa kuwa walikufa papo hapo.

Basi yule aliyeufanya ua huo kuwa mwalimu wa mifugo alikuwa nani? Wako kadhaa, lakini anayekumbukwa zaidi ni Bill Gallagher wa Nyuzilandi. Yasimuliwa kwamba alikuwa na farasi aliyependa kujikuna kwenye motokaa yake. Mnamo mwaka 1936 au 1937 alichukua koili ya motokaa ya zamani akaiunga kwa namna ambayo farasi akijisugua apigwe na umeme. Farasi aliacha mazoea yake, naye Gallagher akaona kwamba kilichoiokoa motokaa chaweza kuulinda uwanja mzima wa malisho. Nami nasema sehemu ya sifa ni ya farasi yule.

Yafaa uelewe koili ile ilivyofanya kazi. Waya mnene umezungushwa mara chache juu ya chuma, na juu yake waya mwembamba umezungushwa mara maelfu. Umeme wa betri, ambao ni dhaifu, hupita katika waya mnene na kukifanya chuma kuwa sumaku. Sumaku hiyo hukivuta kibapa cha chuma kilicho mbele yake. Kibapa kikivutwa, njia ya umeme hukatika. Usumaku hutoweka ghafula, na kutoweka kwake huamsha umeme wa volti maelfu katika waya mwembamba, kwa kanuni aliyoivumbua Michael Faraday mwaka 1831. Kisha kibapa hurudi mahali pake, na mambo huanza upya. Ncha moja hufungwa kwenye ua, na nyingine kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini. Ng'ombe akigusa waya, umeme hupita mwilini mwake, ukashuka kwa kwato hadi udongoni, ukarudi kwenye mashine. Ndege atuaye juu ya waya hapatwi na kitu, kwa maana hakanyagi ardhi.

Hapa nakuomba usome polepole. Katika Marekani, miaka ya 1930, wakulima wengi walijiundia mashine zao nyumbani. Wengine, kwa kutaka urahisi, waliunga ua moja kwa moja na umeme wa nyumba, wakaweka taa katikati wakidhani itaupunguza ukali. Watu walikufa. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California aliwapima watu waliojitolea, akaona kwamba mwanamume wa kawaida akipitiwa na miliampea 16 hivi hawezi tena kuifungua mikono yake na kuuachia waya. Kwa umeme wa nyumba zetu wa volti 240, taa ya wati 60 hupitisha miliampea 250! Mashine iliyo salama hupiga mara moja tu kwa sekunde au zaidi, na pigo lenyewe ni fupi mno, hata mguswa hupata wasaa wa kuruka nyuma. Volti zake zaweza kupita 5,000, nazo haziui. Volti 240 zisizokatika huua. Wapo hata leo wafungao umeme wa nyumba kwenye waya ili kuwazuia wezi, na anayeokotwa amekufa asubuhi aweza kuwa mtoto wa jirani.

Mashine za kwanza zilikuwa na udhaifu: majani mabichi yaliyougusa waya yaliunyonya umeme, hata baada ya mita mia chache ua ukawa hauna nguvu. Mwaka 1962 Doug Phillips, naye wa Nyuzilandi, alitumia kapasita, chombo kinachohifadhi umeme na kuutoa wote kwa pigo moja la haraka. Majani hayakuweza tena kuumaliza, na ua mmoja ukaweza kufika kilomita 35.

Bila hatua hiyo tusingeweza kuuzungushia msitu wa milima ya Aberdare, yaani Nyandarua, ua wa karibu kilomita 400, uliojengwa kuanzia mwaka 1989 hadi 2009 ili wanyama wasile mashamba na watu wasiuharibu msitu. Lakini tembo ni mwanafunzi hodari. Baadhi yao waligundua kwamba pembe haipitishi umeme, wakawa wanazikata waya kwa pembe bila kuumia. Mafundi wakaongeza vipande vifupi vya waya vilivyochomoza nje ya ua, ili vimguse tembo usoni kabla pembe hazijafika.