Utumishi wa lazima jeshini (Uswidi)

Utumishi wa lazima jeshini nchini Uswidi ulianza mwaka 1901, ukasitishwa 2010, kisha ukarejeshwa. Serikali ilitangaza uamuzi huo Machi 2017, baada ya Urusi kuitwaa Krimea na baada ya jeshi la hiari kukosa watu wa kutosha. Safari hii wanawake huitwa sawa na wanaume. Vijana hujaza dodoso, baadhi huitwa kupimwa, na ni wachache wanaochukuliwa. Mwaka 2018 walilengwa 4,000.

Jeshi ni upande mmoja tu. Sheria humtaka kila mkazi wa miaka 16 hadi 70 kusaidia ulinzi wa taifa, awe muuguzi au zimamoto. Lenye uzito zaidi, pengine, ni kijitabu cha tahadhari kilichopelekwa nyumba kwa nyumba mwaka 2018 na tena 2024: weka maji, chakula kisichoharibika haraka, redio ya betri na fedha taslimu. Toleo la 2024 linashauri kila kaya iweze kujitegemea kwa wiki nzima, ili msaada uwafikie kwanza wasiojiweza. Kijitabu cha mwanzo kabisa kilitoka 1943, Vita Kuu ya Pili ikiendelea.