Vim na vyanzo vyake vya maneno

Niko hapa Butali naandika programu ya kupigia hesabu miwa ya wakulima. Jina "uzitoWaMiwa" linarudi kila mahali, na nikikosea herufi moja tu, malipo ya mtu yanaharibika. Kwa hiyo naandika "uzi", nabonyeza Ctrl-N, na Vim inamalizia.

Vim ilitolewa na Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991. Mwaka 1994 alijitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, kwenye kazi ya maji na usafi. Vim ni ya bure, na ndiyo maana ukiifungua unaombwa kuwasaidia watoto wa Uganda.

Ctrl-N haitegemei chanzo kimoja. Kuna mpangilio uitwao "complete", ambao ni orodha ya herufi: nukta ni faili unaloandika, w ni madirisha mengine, b ni mafaili mengine yaliyo wazi, k ni kamusi. Vim inapekua kwa kufuata orodha hiyo. Hakuna kamusi yenye "uzitoWaMiwa", lakini faili langu linalo.

Mei 2006, Vim 7 ilileta ukamilishaji unaoielewa lugha ya programu, lakini ukakaa kando, kwa Ctrl-X Ctrl-O. Watu wakatunga programu za nyongeza kuviunganisha vyanzo. Mwaka 2025 ndipo "complete" yenyewe iliporuhusiwa kuita fankisheni. Bram hakuiona siku hiyo. Alifariki Agosti 2023.

Ushauri wangu: weka nukta mwanzo, k mwisho. Haya, jaribu nawe!